Bibi anasema hanyanyuki mtu mpaka sahani iwe nyeupe

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Tanga. Nina mtoto wa kiume wa miaka minne na miezi miwili. Tunaishi na mama mkwe wangu, ana miaka 67, na yeye ndiye anayeshinda na mtoto mimi nikiwa kazini. Anampakulia peke yake saa saba mchana, na sheria yake ni moja: hanyanyuki mtu mkekani mpaka sahani iwe nyeupe. Mtoto hataki bamia kabisa, akilazimishwa anatapika. Dagaa anasema macho yanamtazama. Wiki iliyopita nilirudi saa kumi jioni nikamkuta bado yuko mbele ya sahani ya mchana, amesinzia amekaa, tonge liko shavuni. Nikimwambia mama, ananijibu kwamba baraka ya chakula iko mwishoni mwa sahani, na kwamba mume wangu alilelewa hivyo hivyo na hakufa. Mume anasema tumwachie mama. Mimi mwenyewe nililazimishwa maharage bwenini na mpaka leo siyagusi. Je, ni mimi ninayemdekeza mtoto? Na nimwambieje mama bila kumvunjia heshima?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mimi ni mtu wa lishe, si daktari, ingawa kliniki kila aliyevaa koti jeupe anaitwa daktari na nimeshazoea.

Nianze na lile tonge la shavuni. Kliniki nimeyaona mengi. Mtoto analetwa shavu moja limetuna, mama anadhani ni jino. Ukimwomba afungue mdomo unakuta nyama ya asubuhi, imetafunwa mpaka zimebaki nyuzi nyeupe kama pamba. Kumeza hawezi, kutema haruhusiwi, basi ameiweka pale shavuni aone litakalotokea. Watu wazima wanauita huo ukaidi. Mimi naona mtoto aliyetii amri mpaka pale mwili wake ulipogoma.

Ila mtoto aliyesinzia na chakula mdomoni anaweza kupaliwa, na chakula kikiingia njia ya hewa kinaweza kumziba pumzi au kumletea homa ya mapafu. Hilo likome leo, kabla hujazungumza na yeyote kuhusu malezi. Mlo ukifika nusu saa umekwisha, sahani inaondolewa, mdomo unasukutuliwa, na mtoto anakwenda kucheza. Vilevile asilazwe chali akalishwa, wala asibanwe pua ili afungue mdomo.

Sasa bibi. Usimwone katili. Hesabu miaka yake: mwaka 1974, nchi ilipopigwa na ukame na ikaagiza nafaka nje, alikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Miaka ya mwanzo ya themanini, ambapo nadhani ndipo alipoanza kulea, sukari na sabuni vilikuwa vya foleni, na unga uliopatikana mara nyingi ulikuwa ule wa mahindi ya njano ambao watu waliuita yanga. Mtu aliyepanga foleni na kikapu tangu alfajiri akarudi na kilo mbili, halafu akaona tonge limeachwa kwenye sahani, hawezi kulitazama kama unavyolitazama wewe. Hata Wamarekani walipitia huko. Mwaka 1917, wakati wa vita, serikali yao iliwahimiza raia wasibakize chakula, na mwaka 1947 watoto wa shule wakaambiwa tena wamalize sahani zao ili Ulaya yenye njaa ipate kusaidiwa. Sheria ya sahani nyeupe ni mtoto wa njaa, na pale ilipozaliwa ilikuwa na akili zake.

(Nyumba hizo hizo zilikuwa na sheria nyingine ambayo wazee hawaipendi nikiitaja: firigisi ni ya baba, na mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Kwa hiyo bamia aliamriwa kumaliza, na yai ambalo angelimaliza bila kuambiwa akanyimwa.)

Mambo mawili yamechanganyika katika ugomvi wenu: kiasi anachokula na aina anayokataa. Nianze na kiasi.

Mtoto huzaliwa na kilo tatu hivi, na akitimiza mwaka huwa karibu na tisa. Yaani mwili umejizidisha mara tatu. Baada ya miaka miwili anaongeza kama kilo mbili tu kwa mwaka. Kasi imeshuka, na hamu inashuka nayo. Bibi anamkumbuka mtoto aliyekuwa anamaliza bakuli la uji na kulilia jingine, anamwona wa leo anaacha nusu, anaogopa. Wa leo ni mzima, ila hajengi tena kwa haraka ile. Tena watoto wa umri huu hawali sawasawa: leo anakula kama mvuvi aliyetoka baharini, kesho anadonoa kama ndege. Ukihesabu wiki nzima, hesabu yake hukaa vizuri kuliko unavyofikiri.

Kipimo kile cha ndani, kinachosema nina njaa au nimeshiba, mtoto huja nacho, lakini kinaweza kuharibiwa. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani waliwagawa watoto wadogo makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa kusikiliza tumbo: una njaa? umeshiba? La pili lilifundishwa kutazama sahani na kusifiwa kwa kumaliza. Baadaye wote wakapewa kitu cha kula kabla ya mlo, mara kizito chenye nguvu nyingi, mara chepesi, bila wao kujua. Waliofundishwa kusikiliza tumbo walikula kidogo baada ya kile kizito. Wale wa sahani hawakupunguza. Huyo ndiye mtu mzima unayemjua, mdogo wangu, ambaye kwenye shughuli ameshafungua mkanda na bado anamalizia pilau la mwenzake kwa sababu “ni vibaya kubakiza”. Kizazi cha foleni ya unga sheria hiyo haikukinenepesha, kwa kuwa sahani yenyewe ilikuwa ndogo. Siku hizi kuna chipsi mayai na soda, na sheria ni ile ile.

Sasa sikiliza neno langu kubwa katika jibu hili. Bibi yuko sahihi kwamba chakula kisitupwe. Anakosea mahali pa kuikabidhi sheria hiyo. Ameikabidhi mdomo wa mtoto, na mimi nasema ikabidhiwe upawa. Anayeamua kiasi ndiye anayepaswa kujibu kwa kilichobaki, na mtoto wa miaka minne hakujipakulia. Tazama anapakuliwa nini: ugali usizidi ngumi yake, ngumi ya mtoto si ya bibi, mboga na kitoweo kadiri ya vijiko vinne vya chakula kila kimoja, kijiko kimoja kwa kila mwaka wa umri. Ukiviweka kwenye sahani ya mtu mzima vinaonekana ni masikhara, na ndiyo maana mkono wa bibi unaongeza. Mnunulieni mtoto sahani ndogo. Akimaliza na akataka zaidi, anaomba, anaongezewa. Mtoto anayeomba nyongeza humfurahisha bibi kuliko sahani nyeupe iliyopatikana kwa machozi. Chakula kinabaki sufuriani, safi, kinaliwa na wengine. Lakini kile kilichoshikwashikwa kikakaa sahanini tangu saa saba mpaka saa kumi katika joto la Tanga, tafadhali msimrudishie jioni. Hicho ni cha kuku.

Nije kwenye bamia na dagaa. Hapa kuna mambo ambayo watu wengi hawayajui.

Kati ya miaka miwili na sita watoto wengi huingia kipindi cha kuogopa vyakula. Kitu kigeni hukataliwa, na hata alichokuwa anakula mwaka jana anaweza kukigeuka. Wapo wanaosema ni ulinzi wa maumbile: mtoto ameshajua kutembea, anaweza kuchuma jani lolote, basi ni heri awe mwoga wa kutia mdomoni. Iwe hivyo au isiwe, kipindi hicho ni cha kawaida na hupita. Kinachosaidia ni kukiona chakula, tena na tena, bila vita. Tafiti za watoto wadogo zinataja mara nane mpaka kumi na tano za kuonja kidogo kabla hajakikubali. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu. Na mara moja ya kulazimishwa mpaka kutapika inaweza kufuta mara kumi za kuonja, kwa sababu ubongo wa binadamu hausahau chakula kilichofuatwa na kichefuchefu. Wewe na maharage yako ya bweni ni ushahidi. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu kuhusu chakula walicholazimishwa utotoni. Zaidi ya theluthi mbili ya waliokumbuka tukio kama hilo walisema hata leo hawakili kwa hiari. Na mwaka 2006 watoto wa chekechea walipewa supu, wengine wakiambiwa mara kwa mara “maliza supu yako”, wengine wakiachwa. Walioachwa ndio waliokula zaidi. Walioambiwa waliinung'unikia supu zaidi.

Mimi langu lilikuwa maini. Kwetu yalikuwa ya Jumamosi, yamekaangwa makavu, na shangazi yangu akisimama mlangoni huku amejishika kiuno. Nilijifunza kuyatia mfuko wa gauni huku nikitafuna hewa. Jumamosi moja nikasahau kuyatoa. Jumapili asubuhi sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka dirishani, ukutani, mpaka kwenye gauni lililotundikwa msumarini. Nilichapwa, na nikala maini ya wiki iliyofuata yote, na nikiwa na miaka thelathini nikiwafundisha wajawazito faida za maini nilikuwa nashika pumzi.

Kuna na jambo la ulimi wenyewe. Mwaka 1931 mkemia wa Marekani, Arthur Fox, alimwaga unga fulani maabara ukapeperuka. Mwenzake akalalamika kwamba hewa ni chungu. Fox hakuonja chochote. Wakabishana, wakajaribu kwa wengine, wakagundua kwamba watu wamezaliwa na ndimi tofauti: uchungu unaomkera mmoja, mwingine haupo kwake. Na watoto kwa jumla huusikia uchungu kuliko watu wazima. Kwa hiyo mtoto anayekunja uso kwa mchunga au mnafu huenda anaonja kitu ambacho bibi yake, kwa kweli kabisa, hakionji. Wala hakuna anayesema uongo.

Bamia tatizo lake si uchungu, ni ute. Kuna watoto ambao utelezi unawapandisha roho moja kwa moja, na mtu mzima mwenye hali hiyo tunamwambia “basi usile”. Nami nakwambia bamia si faradhi. Je, anakula mchicha? Tembele? Kisamvu? Maboga, karoti, embe, papai? Kama katika kundi hilo anakula viwili vitatu, hapungukiwi kitu kwa kukosa bamia. Ukitaka kumjaribu, zikate nyembamba, uzikaange kikaangio kikiwa na moto mkali bila maji, ute unapungua sana. Weka kipande kimoja ukingoni mwa sahani yake. Kimoja tu. Asiambiwe ale. Akikigusa, akikinusa, akikilamba na kukirudisha, hiyo imehesabiwa.

Dagaa ni habari nyingine, hawa singependa tuwakose, kwa sababu wanaliwa na mifupa yao na mtoto anapata madini ya chokaa pamoja na protini. Lakini macho yanamtazama, na mimi siwezi kumbishia: yanamtazama kweli. Watoeni vichwa. Mpe yeye mwenyewe kazi hiyo, akae na bibi na ungo, wavunje vichwa pamoja. Mtoto aliyeshika dagaa mia moja kwa vidole vyake hawaogopi kama yule anayeletewa wamekufa wanamkodolea sahanini. Kisha waungeni na nazi au nyanya. Ukipenda kuwasaga uongeze kwenye mchuzi ni sawa, ila akiuliza mwambie ukweli. Mtoto akigundua umemficha kitu kwenye mchuzi, utakosa dagaa na mchuzi pia. Na siku ambazo hataki dagaa, yai, kunde au kipande cha samaki mkubwa vinatosha.

Usimpe pipi au soda ili amalize mboga. Unamfundisha kwamba mboga ni kibarua na soda ndiyo mshahara.

Nina swali ambalo hukuligusa: kabla ya saa saba anakula nini? Andika kwa siku tatu kila kinachoingia mdomoni, pamoja na kile unachokiona si chakula. Mara nyingi ninapoletewa “mtoto hali”, karatasi inarudi na chai ya maziwa yenye sukari saa tatu, ubuyu saa nne, lambalamba saa tano, juisi saa sita kwa jirani. Huyo hana njaa saa saba, angepata wapi? Milo mitatu na vitafunwa viwili vya saa zinazojulikana, katikati maji tu. Chai isiwe pamoja na chakula, kwa sababu inazuia damu kupata madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na nafaka. Ikae saa moja pembeni. Halafu asile peke yake. Mtoto wa miaka minne hujifunza kula kwa kutazama mikono ya wakubwa, na ukimwekea sahani mkekani peke yake, bibi amesimama, hana wa kumwiga. Bibi akae, ale naye.

Nisieleweke vibaya na wasomaji wengine. Kutolazimisha si kumwacha mtoto ajitafutie. Kwa taarifa ya mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, na mtoto wa miezi sita mpaka miaka miwili anahitaji mtu wa kukaa naye, kumlisha taratibu, kumbembeleza, kubadili ladha, kujaribu tena baada ya dakika chache. Mkubwa anaamua nini, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua kiasi gani. Ukimwachia mtoto yote matatu ya mwanzo, hapo ndipo unapomdekeza, na kwa ulivyonieleza hujafika huko.

Wa kwako ana zaidi ya miaka minne, na mpaka mitano anapaswa kupimwa kliniki. Chukua kadi yake utazame mstari. Ukipanda, hata kama uko chini ya wa mtoto wa jirani, tulia. Ukiwa umelala kwa miezi au unashuka, mpeleke. Mpeleke pia kama anapaliwa mara kwa mara hata kwa chakula laini, kama anakula vyakula vichache sana vinavyozidi kupungua, kama ana kidonda mdomoni au meno mabovu, kama amepauka na anachoka, au utepe wa kupimia mzunguko wa mkono ukisoma chini ya sentimita 12.5. Na uliza mara ya mwisho alipewa lini dawa ya minyoo.

Kumwambia mama. Kwanza, usiende wewe na hoja na mumeo akae kimya na simu. Huyo ni mama yake. Aanze yeye, tena si wakati wa chakula wala mbele ya mtoto. Asiseme “umekosea”. Aseme tonge la shavuni limetuogopesha, tusije tukampoteza mtoto kwa kupaliwa, na tumeambiwa na watu wa kliniki hivi na hivi. Nilipe lawama mimi, niko mbali. Kisha mmwachie bibi madaraka yake: upawa uwe wake rasmi, yeye ndiye anayepima kidogo, anayeongeza, anayehakikisha hakitupwi kitu. Na sheria zake nyingine zibaki zote. Kunawa, bismillahi, mkono wa kulia, kutochezea chakula, kutosema “kibaya hiki” mbele ya aliyepika. Mtoto aseme “nimeshiba bibi, ahsante”, basi. Hayo ni malezi mazuri sana na ninayaunga mkono.

Kuhusu baraka, mimi si shekhe na bibi anajua dini kuliko mimi. Hadithi anayoitaja ipo, kwamba mtu hajui baraka iko katika sehemu ipi ya chakula chake. Lakini mumeo anaweza kumkumbusha kwa upole na zile nyingine mbili ambazo wakusanyaji wa hadithi Bukhari na Muslim wote wamezipokea: kwamba Mtume hakuwahi kukitia chakula aibu, akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha, na ile ya dhabu, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, aliyeletwa mezani amechomwa. Mtume aliuzuia mkono wake, akaulizwa kama ni haramu, akasema si haramu, ila mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake na nafsi yake haimtaki. Sahaba wake Khalid bin Walid akajivutia akala, na Mtume anamtazama. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake.

Mwisho, maharage yako. Huna haja ya kujilazimisha, una miaka yako. Ila siku yakipikwa, usinyanyuke mekoni ukiziba pua. Mwanao anakutazama. Pakua kijiko kimoja pembeni ya wali, onja kama unaweza, na ukishindwa yasogeze tu ukingoni ukaendelea na mazungumzo. Nami maini nayaonja sasa. Ya ng'ombe bado, lakini ya kuku nimefika kipande cha pili.